Mali Kauli Inapovuka Ziwa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 673 na limegawanywa baina ya nchi nne, yaani Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, na kila moja ya nchi hizo ina mahakama zake, taratibu zake na sheria ilizoachiwa na mkoloni wake. Ilagala, iliyo wilaya ya Uvinza karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, ipo kusini mwa Ujiji na Kigoma mjini, na watu wake huishi kwa uvuvi, kwa kilimo, kwa michikichi na kwa biashara ndogondogo ambayo haijawahi kuishia kwenye ukingo wa maji ya Tanzania. Ng'ambo, upande wa Kongo, kuna Uvira, Baraka na Kalemie. Kaskazini, Burundi, kuna Rumonge na Bujumbura. Kusini kabisa, Zambia, kuna Mpulungu. Anayefanya biashara katika mwambao huu hukutana na sheria za nchi mbili au tatu kabla mtaji wake haujarudi mfukoni, ingawa mara nyingi hajui kwamba amekutana nazo mpaka siku mwenzake anapokataa kulipa.

Elimu inayoshughulikia migogoro ya namna hiyo huitwa sheria binafsi ya kimataifa, nayo ni tofauti na sheria ya kimataifa inayojadiliwa katika Umoja wa Mataifa, kwa sababu wahusika wake si serikali bali ni watu wa kawaida: muuzaji na mnunuzi, mume na mke, mwenye boti na abiria wake. Elimu hiyo huuliza maswali matatu. La kwanza ni mahakama ya nchi gani yenye mamlaka ya kusikiliza shauri. La pili ni sheria ya nchi gani itakayotumika kulikata. Na la tatu ni kama hukumu itakayotolewa upande mmoja itaheshimiwa na kutekelezwa upande wa pili. Wanasheria wamezoea kuyapa uzito maswali mawili ya kwanza, ambayo ndiyo yenye mvuto wa kielimu, lakini kwa mtu wa mwambao swali la tatu ndilo linaloamua kama haki ipo au haipo, kwani hukumu isiyoweza kuvuka maji haimrudishii mtu hata gunia moja.

Bidhaa inayofaa kuyapima maswali hayo ni chumvi ya Uvinza, ambayo imechemshwa kutoka katika chemchemi za Malagarasi kwa zaidi ya miaka elfu moja na kusambazwa katika nchi zote zinazolizunguka ziwa. Tuseme mfanyabiashara wa Ilagala anampelekea mwenzake wa Baraka magunia 30 ya chumvi kwa mali kauli, yaani mnunuzi anachukua mzigo kwa neno lake na kulipa baada ya kuuza. Boti inapigwa na mawimbi usiku, na magunia 8 yanafika yakiwa yamelowa na kuyeyuka nusu. Mnunuzi anasema atalipia magunia 22 aliyoyapokea yakiwa mazima. Muuzaji anasema chumvi iliondoka Ilagala ikiwa kavu na kwamba mawimbi hayakutumwa naye. Hakuna mwizi katika habari hii, wala hakuna mwongo. Kila mmoja ana hoja ambayo jirani yake angeiona kuwa ya haki, na ndiyo maana mfano wa aina hii unafaa kuliko ule wa tapeli, kwa sababu tapeli hushindwa chini ya sheria ya nchi yoyote, ilhali watu wawili waaminifu hushinda au kushindwa kulingana na sheria iliyochaguliwa.

Sheria huliita jambo hili hatari ya mali, kwa maana ya nani anayebeba hasara iwapo kitu kitaharibika kabla ya kumfikia mnunuzi bila kosa la mtu yeyote. Sheria ya Tanzania ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ilinakiliwa karibu yote kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, husema kwamba hatari humfuata mwenye mali, na kwamba mali huhama kwa mnunuzi pale wahusika walipokusudia ihame. Hivyo hakimu analazimika kutafuta nia ya watu ambao, kwa uwezekano mkubwa, hawakulifikiria kabisa suala hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliotiwa saini Vienna mwaka 1980, hauhangaiki na nia ya namna hiyo, bali huweka kanuni kwamba, pale mauzo yanapohusisha usafirishaji na wahusika hawakuagana vinginevyo, hatari humhamia mnunuzi mara mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza. Chini ya kanuni hiyo chumvi iliyolowa ni hasara ya mtu wa Baraka. Zambia ilijiunga na mkataba wa Vienna mwaka 1986, Burundi mwaka 1998 na Kongo mwaka 2014. Tanzania, yenye sehemu kubwa ya ufuko wa mashariki, haimo. Kwa hiyo mauzo baina ya Rumonge na Baraka yana sheria moja inayojulikana tangu mwanzo, na mauzo baina ya Ilagala na Baraka hayana, mpaka kwanza mahakama iamue ni sheria ya nani inayotumika. Ni vigumu kuona faida yoyote ambayo Tanzania imeipata kwa kubaki nje, na hasara yake wanaibeba wafanyabiashara wa Kigoma ambao hawajawahi kuulizwa.

Tofauti nyingine hazionekani mpaka zinapouma. Kifungu cha zamani katika sheria hiyo ya Uuzaji wa Bidhaa kinataka mauzo ya thamani ya shilingi 200 au zaidi yawe na maandishi, au mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa au ametoa malipo ya awali, la sivyo mkataba hauwezi kudaiwa mahakamani. Kiasi hicho kilikuwa fedha nyingi wakati kifungu kilipoandikwa enzi za Waingereza, na leo hakinunui hata kiberiti na mshumaa, kwa hiyo kwa maneno ya sheria karibu kila mauzo ya Tanzania yamo ndani yake. Mkataba wa Vienna, kinyume chake, hautaki maandishi yoyote. Vivyo hivyo kwa muda wa kudai: Tanzania humpa mdai wa mkataba miaka 6, wakati Kongo, ambayo tangu Septemba 2012 inafuata sheria za pamoja za biashara za OHADA, yaani umoja wa nchi za Afrika, nyingi zikiwa zinazotumia Kifaransa, uliokubaliana kuwa na sheria moja ya biashara, hufunga madai ya mauzo ya kibiashara baada ya miaka 2. Mwaka wa tatu, basi, deni lile lile limekufa Baraka na liko hai Ilagala. Burundi haimo katika OHADA, na sheria yake ya mikataba bado ina sura ya Kibelgiji.

Ni sheria ipi basi ndiyo ya chumvi? Mapokeo ya Kibelgiji yaliyoingia Kongo tangu dikrii za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hujibu kwamba, wahusika wasipoonyesha nia tofauti, mkataba hutawaliwa na sheria ya mahali ulipofungwa. Jibu hilo lilikuwa zuri wakati watu walipokutana sokoni uso kwa uso, lakini mkataba wa siku hizi hufungwa kwa simu, muuzaji akiwa kivukoni Ilagala na mnunuzi akiwa dukani kwake Baraka, na kupataja mahali pake ni kama kuuliza mwangwi umekaa mlima upi. Mahakama ya Uingereza iliwahi kuamua, mwaka 1955, katika shauri la kampuni za London na Amsterdam zilizowasiliana kwa teleksi, kwamba mkataba wa mawasiliano ya papo kwa papo hufungwa mahali kauli ya kukubali inaposikika. Hivyo nchi ya mkataba hutegemea nani alikuwa wa mwisho kusema sawa, jambo ambalo hakuna anayelikumbuka na ambalo halina uhusiano wowote na haki. Mapokeo ya Kiingereza, ambayo Tanzania inayo, yamepita njia nyingine: hutafuta kwanza sheria waliyoichagua wahusika, na ikiwa hawakuchagua, hutafuta sheria ya nchi yenye uhusiano wa karibu zaidi na wa kweli na mkataba, kama ilivyoelezwa katika hukumu ya shauri la Bonython kutoka Australia. Kanuni hii ina busara, ila ina ugonjwa wake, kwamba mtu hawezi kuijua sheria yake mpaka hakimu atakapomwambia.

Mjerumani Friedrich Carl von Savigny, aliyeandika juu ya suala hili mwaka 1849, alilipa kipimo ambacho bado hakijapatikana kilicho bora zaidi. Alisema kila uhusiano wa kisheria una makao yake ya asili, na kazi ya mahakama ni kuyatafuta makao hayo bila kuipendelea sheria ya nyumbani, ili shauri moja likatwe kwa namna moja popote litakapofunguliwa. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kwa ziwa: kanuni ni ya haki ikiwa mtu wa Ilagala na mtu wa Baraka wangeikubali wote wawili kabla hawajajua nani kati yao atakuwa mdai na nani mdaiwa, na ikiwa matokeo hayabadiliki kwa sababu tu mmoja alitangulia kufika mahakamani kwake. Kwa kipimo hicho sheria za mwambao huu zinashindwa, na zinashindwa vibaya zaidi kwa madai madogo, kwa kuwa mwenye deni kubwa anaweza kumlipa wakili wa kumtafutia njia na mwenye deni la magunia 8 hawezi.

Uzito wa urithi huu wa kikoloni unaonekana wazi zaidi katika madai ya madhara, yaani pale mtu anapomuumiza mwenzake au kumharibia mali bila mkataba kuwapo kati yao. Boti mbili zikigongana katika maji ya Kongo na mvuvi wa Ilagala akavunjika mguu, mahakama ya Tanzania inayofuata mapokeo ya Kiingereza itakutana na kanuni ya mwaka 1870 inayotaka kitendo kiwe kosa la kudaiwa kwa sheria ya nchi ya mahakama na pia kisiwe kimehalalishwa na sheria ya mahali kilipotendeka. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya ajali. Ilitokana na shauri la mtu aitwaye Phillips dhidi ya Edward John Eyre, gavana wa Jamaica aliyezima kwa ukatili mkubwa uasi wa Morant Bay mwaka 1865. Phillips alidai fidia Uingereza kwa kukamatwa na kupigwa, lakini baraza la kutunga sheria la Jamaica lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kumkinga gavana, na majaji wa London wakasema kwamba kwa kuwa kitendo kilihalalishwa huko kilipotendeka, hakiwezi kudaiwa Uingereza. Tanganyika ikapokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ngao ya gavana wa Jamaica ikaingia Ziwa Tanganyika pamoja na mizigo mingine. Kanada iliiacha kanuni hiyo mwaka 1994, Uingereza yenyewe ikaiondoa kwa sehemu kubwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mahakama kuu ya Australia ikaifuata njia hiyo miaka michache baadaye. Nchi hizo sasa huanza na sheria ya mahali madhara yalipotokea, na kanuni hiyo rahisi ndiyo ambayo mvuvi yeyote angeitarajia, kwamba ukiwa katika maji ya watu unafuata sheria ya maji yao.

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba kabla ya mahakama za kizungu ziwa hili halikuwa na utaratibu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta mji wa biashara uliokwisha kuwapokea Waswahili na Waarabu wa pwani, Wajiji, Wavinza, Warundi na watu wa ng'ambo, na Mwingereza mwenzao Cameron, aliyefika mwaka 1874, alieleza jinsi soko la Ujiji lilivyotumia shanga za aina moja, zilizoitwa sofi, kama fedha ya kubadilishana, ambazo mgeni alizipata asubuhi kwa wabadilishaji kisha akazirudisha soko lilipofungwa. Mpango huo ulilitatua suala ambalo leo lina kurasa nyingi katika vitabu vya sheria, yaani deni lihesabiwe kwa fedha ya nani. Mgeni alifikia kwa mwenyeji, na mwenyeji huyo alikuwa zaidi ya mtu wa kumpa chakula na malazi: alimjulisha kwa wakuu, alisimama kama shahidi wa mapatano yake na alibeba lawama endapo mgeni wake angekimbia deni. Waliokusudia kufanya biashara kwa miaka mingi walifunga undugu wa kuchanjiana, ambao uliwafanya watu wa makabila mbalimbali kuwa na wajibu wa ndugu, na hivyo kuwapa kanuni ya pamoja pasipokuwa na sheria ya pamoja. Utaratibu huo ulikuwa na upande wake mbaya, na si haki kuuficha. Jamaa wa mdaiwa angeweza kushikiliwa kwa deni asilolijua, na katika zama ambazo watu wenyewe walikuwa bidhaa katika soko la Ujiji, kushikiliwa kwa deni kungeweza kuishia utumwani.

Wakoloni walipogawana ziwa walizipatia biashara kubwa kanuni zake mapema sana. Kwa makubaliano ya tarehe 15 Machi 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite bila kusumbuliwa na forodha ya Tanganyika. Serikali mbili zilikaa mezani kwa ajili ya shehena za makampuni. Kwa ajili ya mwenye magunia 30 hakuna aliyekaa, na kwa zaidi ya miaka 100 iliyofuata pengo hilo limebaki karibu vilevile lilivyokuwa.

Hilo linaonekana katika swali la tatu, la utekelezaji wa hukumu. Tanzania ina sheria ya kutambua hukumu za nje kwa msingi wa nipe nikupe, iliyotungwa enzi za Uingereza, na nchi zinazonufaika nayo ni zile zilizotajwa katika orodha yake, ambazo karibu zote zilikuwa chini ya bendera ya Uingereza. Zambia imo, Kongo na Burundi hazimo. Hata kwa Zambia, zinazosajiliwa ni hukumu za mahakama za juu, kwa hiyo uamuzi wa mahakama ndogo ya Mpulungu juu ya deni la samaki hauna pa kupita. Mtu wa Baraka mwenye hukumu ya Kongo dhidi ya mtu wa Ilagala analazimika kufungua shauri jipya Tanzania, akiitumia hukumu yake kama msingi wa deni, na kwa kuwa anaishi nje ya nchi na pengine hana nyumba wala shamba Tanzania, anaweza kuamriwa aweke dhamana ya gharama kabla hajasikilizwa. Kongo, kwa sheria yake ya mwaka 2013 ya muundo wa mahakama, haina orodha ya nchi. Huiruhusu hukumu ya nje itekelezwe ikiwa imefikia mwisho, ni halisi, haipingani na misingi ya nchi na mdaiwa alipewa nafasi ya kujitetea. Katika jambo hili Kongo imeifungulia hukumu ya Tanzania mlango mpana kuliko ule ambao Tanzania imeifungulia hukumu ya Kongo, na kwa wale waliozoea kuamini kwamba utaratibu uko upande wa mashariki wa ziwa na vurugu upande wa magharibi, inafaa walitafakari hilo. Mlango huo nao una gharama zake: nauli, tafsiri ya Kifaransa, wakili, na siku za kukaa mbali na mwalo.

Mambo ya ndoa yana mkanganyiko wa namna nyingine. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakubali ndoa ya wake wengi na ndoa ya kimila, na huitambua ndoa iliyofungwa nje ikiwa ilikuwa halali mahali ilipofungwa na wahusika walikuwa na sifa za kuoana. Burundi hutambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali na haikubali mke wa pili. Kongo nayo haikubali ndoa ya mtu ambaye tayari ana mke. Mwanamume wa Ilagala mwenye mke wa ndoa ya Kiislamu au ya kimila akivuka hadi Rumonge, akaficha hali yake na kufunga ndoa mbele ya ofisa, mke wa Rumonge anaishi miaka mingi akiamini ana cheti halali, kisha mume akifa mahakama ya Tanzania inamwambia kwamba ndoa yake haikuwa halali mahali ilipofungwa. Yeye ndiye pekee ambaye hakukosea, na yeye ndiye anayetoka mikono mitupu. Mapokeo ya Kifaransa na Kibelgiji yana dawa, ambayo ni kumlinda mwenzi aliyeingia katika ndoa batili kwa nia njema kana kwamba ndoa ilikuwa halali mpaka siku ubatili ulipotangazwa, na mahakama ya Tanzania haingepoteza heshima yake yoyote kwa kuitumia kanuni hiyo pale inapoamua habari ya mke wa upande wa pili wa mpaka.

Kwa madai ya biashara, watu wa mialo hawajasubiri mabunge. Mgogoro wa mzigo hupelekwa kwanza kwa watu wanaoheshimika kwenye mwalo, kwa viongozi wa wafanyabiashara au wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kinachojulikana kama BMU, kwa manahodha wanaowajua wahusika wote wawili, na upande wa Burundi kwa Bashingantahe, wazee ambao kwa vizazi wamesuluhisha migogoro ya vilimani. Kiha na Kirundi vinasikilizana, Kiswahili kinazungumzwa pande zote, na hukumu ya watu hawa ina nguvu kwa sababu mfanyabiashara asiyeitii hapati tena mali kauli. Udhaifu wake ni mkubwa pia. Wazee wa mwalo mmoja huelekea kumpendelea mtu wao. Mwanamke anayefanya biashara bila mume au kaka nyuma yake huweza kupuuzwa. Na mdai aliyekata tamaa hushawishika kuzuia boti au mzigo wa mtu mwingine kutoka upande wa mdaiwa, akirudisha hivyo ile dhuluma ya karne ya 19 ya kumtoza mtu deni la jirani yake.

Hata hivyo, sheria iliyopo inatoa nafasi ambayo haijatumiwa ipasavyo. Usuluhishi, kwa maana yake ya kisheria, ni mapatano ya maandishi kwamba mgogoro utaamuliwa na mtu au watu waliochaguliwa na wahusika wenyewe, na uamuzi wao huitwa tuzo. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 huzitaka nchi wanachama kuzitambua na kuzitekeleza tuzo zilizotolewa katika nchi nyingine, na sababu za kukataa ni chache zilizotajwa, kama vile upande mmoja kutopewa taarifa au msuluhishi kuvuka mipaka ya alichokabidhiwa. Tanzania ilijiunga mwaka 1964, Zambia mwaka 2002, Burundi na Kongo mwaka 2014, na sasa nchi zote nne za ziwa zimo. Maana yake ni kwamba wafanyabiashara wa Ilagala na Baraka wakiandika karatasi moja wakimtaja nahodha wa Ujiji na mzee wa Baraka kuwa wasuluhishi wao, uamuzi wa watu hao wawili una haki ya kuvuka ziwa kisheria, wakati hukumu ya Mahakama ya Mwanzo haina uhakika huo. Wasuluhishi wakitoka pande zote mbili, hofu ya upendeleo hupungua, na mapatano yakiwa yameandikwa kabla mzigo haujapakiwa, hakuna anayejua bado atakuwa mdai au mdaiwa, kama kipimo kilichotajwa hapo juu kinavyotaka.

Kinachokosekana ni mahali pa karibu pa kuipeleka tuzo hiyo, kwa sababu utekelezaji wa tuzo za nje Tanzania hupitia Mahakama Kuu, ambako gharama zinaweza kulimeza deni lenyewe. Umoja wa Ulaya ulilikabili tatizo kama hilo kwa utaratibu wa madai madogo wa mwaka 2007, ambao humwezesha mdai kujaza fomu, bila kulazimika kuwa na wakili, na kupata hukumu inayotekelezwa moja kwa moja katika nchi nyingine wanachama. Kiwango chake kilikuwa euro 2,000 na kikapandishwa hadi euro 5,000 mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, ina mkataba unaozitaka nchi wanachama kulinganisha sheria zao, na ina Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, lakini mahakama hiyo husikiliza hasa malalamiko juu ya kuvunjwa kwa mkataba wa Jumuiya, si deni la chumvi. Forodhani, Jumuiya imekwisha kumtambua mfanyabiashara mdogo: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa. Mtu huyo huyo, kwa mzigo huo huo, hatambuliwi popote pale anapodhulumiwa. Kiwango hicho hicho cha dola 2,000 kingeweza kuwa mpaka wa utaratibu wa madai madogo, unaosikilizwa na Mahakama ya Mwanzo ya mahali mzigo unaposhushwa, kwa Kiswahili, ambacho wakuu wa Jumuiya walikifanya lugha rasmi mwaka 2021, na wenye amri zinazotekelezwa na mahakama ya ngazi hiyo hiyo ng'ambo. Zambia, isiyo mwanachama wa Jumuiya, ingehitaji makubaliano yake ya pembeni, pengine kupitia SADC, ambamo iko pamoja na Tanzania na Kongo.

Mpaka hapo utaratibu huo utakapopatikana, karatasi ya mapatano ndiyo kinga iliyo karibu, nayo haihitaji kuwa ndefu. Ikitaja kwamba hatari ya mzigo humhamia mnunuzi unapopakiwa Ilagala, au kinyume chake unaposhushwa Baraka, suala la magunia 8 linakwisha bila hakimu. Ikitaja sheria ya nchi mojawapo, hakutakuwa tena na haja ya kuuliza nani alisema sawa wa mwisho kwenye simu. Ikitaja wasuluhishi wawili kwa majina, tuzo yao ina njia. Na ikitaja fedha ya deni, itawaokoa wote wawili na hasara ambayo sheria ilichelewa sana kuiona, kwani mpaka uamuzi wa mwaka 1975 katika shauri la Miliangos, muuzaji wa Uswisi aliyemuuzia mnunuzi wa Uingereza nyuzi kwa faranga za Uswisi, mahakama za Uingereza zilikuwa zikitoa hukumu kwa pauni tu, hata pauni iwe imeshuka kiasi gani tangu siku ya deni. Katika mialo ya Ziwa Tanganyika hutumika shilingi, faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola, na thamani zake hazipandi wala kushuka pamoja. Mwenye mali kauli anayeandika tu kiasi bila kuandika fedha ameuacha wazi mlango ambao mwenzake, hata akiwa mtu mwema, atapitia.